Eda ya Khale Nasra

Khale Nasra amekaa eda. Nalisema hilo kwa sauti kila asubuhi nikiwa peke yangu ndani ya gari, navuka milima kutoka kwangu Al Khuwair kwenda Al Amerat, na kila nikilisema hasira inanipanda upya kama ndiyo kwanza naambiwa. Mwanamke wa miaka sitini na minane! Dada mdogo wa mama yangu, hajapata kulala chumba kimoja na mwanamme hata siku moja, leo ameacha udi, ameacha hina, ameacha wanja, amekataa kutoka hata kwenda arusini kwa mjukuu wa ndugu yake, kwa sababu Mombasa kumekufa mtu anaitwa Harith. Habari tulizipata kwenye kundi la simu la ukoo, sauti ya nusu dakika baina ya picha ya mtoto mchanga na dua ya Ijumaa. Mimi nilipoisikia nilisema khalas, dunia imepumua, nikampigia Khale nikitaraji tutacheka. Hakucheka. Alikuwa keshampigia shekhe, na shekhe keshamjibu: mke aliyefungishwa ndoa na hakuachwa, mumewe akifa, eda ni yake, awe kaingiwa au hakuingiwa, miezi minne na siku kumi. "Basi nshaanza," akanambia. "Ukija niletee khanga zisizo makeke."

Sasa ni wiki ya tatu. Anakaa nyumbani kwa Rahma, mpwa wangu, kwenye chumba cha nyuma kilichoelekea mlimani, na wanawake wanaingia na kutoka, buibui kwa buibui, wanamshika mkono, wanakaa, wanakunywa kahawa, wanaondoka. Mimi nakaa pembeni na uso wangu wa ndimu. Juzi Neema, binti wa Singida anayefanya kazi kwa Rahma, aliweka sinia la tende chini akauliza kwa roho safi kabisa, "Mama, na marehemu mlikuwa mnaishi naye wapi, huku ama Mombasa?" Wanawake wote wakatazama vikombe vyao. Khale akamjibu, "Hatukuishi, mwanangu." Neema akasema "Pole sana, mama," akarudi jikoni. Nikaondoka mapema siku ile. Nilipofika kwangu nilikaa mezani nikaanza kuandika haya, kwa sababu nimechoka kuyabeba kifuani. Nani alimzaa nani na tulifikaje hapa Oman kutoka Unguja, hayo wameandika wengine na wataendelea kuandika. Mimi nataka mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka kumi na tisa na Khale ana ishirini na sita.

Tulikuwa ghorofa ya pili, Al Khuwair, wakati majengo yenyewe yananuka rangi bado. Sebule ya wanawake ilikuwa na zulia jekundu, mito imepangwa kuzunguka ukuta, na kiyoyozi cha dirishani kilichokuwa kikidondosha maji kwenye bakuli, tik, tik, mpaka mtu anazoea. Televisheni ilivishwa kitambaa cha lesi kama bi harusi. Babu, baba yao mama na Khale, akishatoka kwenda kuswali alasiri alikuwa harudi mpaka baada ya magharibi, anakaa na wazee wenziwe kwenye baraza la msikiti wakiijenga Unguja upya kwa maneno. Basi saa zile zilikuwa zetu. Bibi anakaa na tambuu yake, Khale Nasra analeta chai ya iliki, vileja, na katlesi zikiwepo, na mimi nashika rimoti, iliyokuwa na waya mrefu wa kunasia watu miguu. Mimi ndiye niliyekuwa nikijua Kiingereza. Kanda nilizichukua duka moja la video Ruwi kwa Mhindi mmoja, Mmalabari, na kanda nilizozipenda zilikuwa zimo kwenye boksi chini ya meza, hakuna mtu anayezitaka: sinema za zamani za Kimarekani, nyeusi na nyeupe, mvua inanyesha, mtu kavaa kofia, kivuli chake kimemtangulia ukutani.

Nilidhani Bibi atazikataa. Kumbe alizipenda kuliko hata za Kihindi. "Hawa wana adabu," akisema. "Tazama gauni mpaka chini, mikono imevikwa glavu. Si hawa wa siku hizi wanaotembea kama wametoka kuoga." Tatizo lake Bibi lilikuwa moja tu. Mwanamme na mwanamke wakikaribiana nyuso, yeye huyo, mkono juu ya macho: "Astaghfirullah! Pitisha, Zuwena, pitisha!" Nami nabonyeza, picha inakimbia na mistari yake myeupe, mpaka wale watu wameachana na wamekaa mbali mbali kama watu wa heshima. Hapo tena Bibi anafungua vidole. "Haya. Sasa wanasema nini?" Hiyo ndiyo ilikuwa sharia ya nyumba, na hakuna aliyeiona ina ubaya.

Ubaya wake niliujua mimi. Asubuhi, kabla sijairudisha kanda, nilikuwa naitazama tena peke yangu, na zile sehemu za kupitisha sizipitishi. Kulikuwa na sinema moja naikumbuka mpaka leo. Mjane tajiri, nyumba ya ngazi za duara, na mwanamme amekuja kumtengenezea piano ya marehemu mumewe. Mwanamme mzuri, mama yangu we! Sauti ya chini, mikono safi, haombi kitu. Mjane anasema, marehemu alikuwa akipenda wimbo wa hivi na hivi, yeye anakaa anaupiga, ati hata yeye ndio wimbo wa mama yake. Mjane analia, wanakumbatiana. Hapo ndipo Bibi alipopiga kelele jana yake. Asubuhi nikauona ule mkumbatio mzima mzima. Mwanamke kafumba macho, kichwa kifuani kwa yule bwana. Na yule bwana, juu ya bega lake, macho kayatoa wazi, anatazama ukutani, anatazama funguo zilizotundikwa kwenye msumari. Uso umebadilika, hauna hata chembe ya mapenzi. Ni uso wa mtu aliyeko sokoni, anakadiria. Nikaja kugundua sinema zile zote ziko hivyo: ukweli wa yule mwanamme unawekwa pale pale, kwenye kukumbatia, nyuma ya mgongo wa mwanamke. Na sisi ndipo tulipokuwa tukipapitisha.

Ningewaambia, si ndiyo? Sikuwaambia, na hapa ndipo ninapojichukia. Katika sinema za Kihindi adui anajulikana akiingia tu, ana masharubu na kicheko chake. Hizi za kizungu adui alikuwa kafanana na steringi, na Khale alikuwa akiniuliza kila mara, "Zuwena, huyu steringi au adui?" Nami namtazama Khale, uso wake umeng'aa, kashika kikombe hajakinywa, nakuta ulimi wangu unasema, "Steringi." Nilikuwa nikifasiri nitakavyo. Yule bwana kasema maneno makavu, mimi namtilia sukari: "Anasema kabla hajakutana naye alikuwa hajui kama ana moyo." Khale anashusha pumzi, "Yarabi." Mwisho wa sinema polisi wanampiga risasi, na Bibi analalamika, "Kwa nini wamuue mtoto wa watu, mzuri hivi?" Mimi nasema, "Amekufa kwa ajili yake, Bibi. Amejitoa." Walifurahi. Nilikuwa napenda kuwaona wamefurahi, na nilikuwa napenda kuwa mimi ndiye ninayewafurahisha. Mtoto wa miaka kumi na tisa kapewa rimoti na lugha, anajiona malaika.

Harith aliletwa na Babu. Walikutana msikitini, na Ijumaa hiyo hiyo Babu akaja naye kula wali wa nazi na mchuzi wa papa. Alikuwa na miaka thalathini na kitu, dishdasha imenyooka, manukato ya kiasi, na Kiswahili chake cha Unguja hasa, laini, cha kumwaga. Wanaume walikaa majlisi na sisi chumba cha ndani, pazia katikati, lakini Bibi hakuwa mtu wa kuzuiliwa na pazia. "Mwanangu," akamwita, "wewe mtu wa wapi pale Unguja?" "Mjini, Bibi." "Mjini wapi? Malindi?" "Huko huko, Bibi." "Usinambie! Usinambie unatoka upande ule wa Bi Salma mkaanga samaki!" Kikaja kicheko cha upole. "Bibi, umenikumbusha Bi Salma! Nimekuwa mtoto mdogo sasa hivi." Bibi akajipiga paja. "Nani asiyemjua Bi Salma! Na pweza wake!" "Na pweza wake," akasema Harith. Mimi nimesimama na sinia la matunda, nasikiliza. Harith mwenyewe hakutaja kitu hata kimoja. Bibi ndiye aliyesema vyote.

Ijumaa ya pili nikamsikia anamwambia Babu, bila kuulizwa, "Sisi watu wa Malindi, mzee, tumelelewa na pweza wa Bi Salma." Babu machozi yakamlenga. Na Babu naye akampa ya kwake: jina la mwalimu wa chuoni, jina la mpiga zumari, familia iliyokuwa na mlango wa nakshi wenye ua la mpilipili. "Si ndio kwenu?" "Kwa ami yangu, mzee." "Ala! Basi wewe mtu wetu, nshamjua babu yako!" Hivyo hivyo, wiki kwa wiki, wazee wangu wakamfuma mtu kwa nyuzi zao wenyewe, wakamvisha, wakamtazama, wakasema mashallah, tunamjua. Si kwamba walikuwa wajinga. Babu alikuwa hadanganywi bei ya papa na mvuvi yeyote wa Matrah. Lakini mgonjwa wa kukumbuka kwao hupewa jina la kichochoro tu akapona, na mtu akimtibu hamuulizi kasomea wapi.

Na Khale Nasra alikuwa nyuma ya pazia. Mwezi wa pili Harith akapeleka posa. Alipomjia na salamu zake, alizileta kwa adabu, mbele ya Bibi, haombi kitu. Alimuuliza Khale anapenda nini, Khale akasema anapenda picha za zamani. "Nyeusi na nyeupe?" akauliza Harith. "Hizo hizo." "Wallahi, mimi naona za rangi zote ni kelele tu." Nilitaka kupasuka. Baadaye Khale alinishika mkono jikoni, mikono yake ina unga wa vileja, akaninong'oneza, "Zuwena, umemsikia? Ni kama wale." Nikamjibu, "Ndiyo, Khale. Ni kama wale kabisa." Yeye alisikia baraka.

Nikamtega Harith. Nilikuwa nimeona kwenye sinema jinsi wanavyotegwa. Ijumaa moja nikapitisha kahawa, nikasema kwa sauti ya mtoto asiye na maana, "Bwana Harith, na yule Mzee Kombo kipofu wa Malindi, mwenye kasuku anayeadhini, alikuwa bado hai ulipoondoka?" Hakuna Mzee Kombo. Hakuna kasuku. Nilimtunga usiku wa kuamkia siku ile. Harith akatikisa kichwa kwa huzuni. "Masikini Mzee Kombo! Alianza kufa kasuku, na yeye akafuata." Nikageuka kuwatazama wazee wangu, sasa wameona! Na nnaapa kwa Mola wangu, Bibi akasema kutoka nyuma ya pazia, "Mzee Kombo… ndiyo, ndiyo, namkumbuka. Alikuwa mrefu." Babu naye, "Rahimahullah." Nilirudi jikoni nikaweka dele la kahawa chini nikacheka mpaka nikalia, na kulia kwenyewe hakukuwa kwa kucheka.

Nikamwendea Bibi kwanza. Nikamwambia Mzee Kombo nimemtunga mimi. Akanitazama kama nimemtukana mtu aliyekufa. "Wewe umeondoka pale unanyonya, leo unaijua Malindi kunishinda mimi?" Nikamwendea Khale. Alikuwa amekaa kitandani anapiga pasi nguo ya arusi ya mtu mwingine, akijifunza mishono. Nikamwambia yote: Bi Salma, mlango wa nakshi, kasuku. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Zuwena, hawa wanaume wa namna hii wewe mwenyewe umenifasiria mwaka mzima. Wanakuja hawana kitu, hawana kwao, watu hawawaamini, na mwisho wanakufa kwa ajili ya mwanamke. Si wewe uliyesema?" Nikasema, "Khale, nilikuwa naongeza. Wale walikuwa maadui. Wote. Nilikuwa naongeza maneno." Akaweka pasi wima. "Na sasa pia unaongeza," akasema. Ikawa ndio mwisho wa mazungumzo. Mtu aliyezoea kudanganya kwa wema, siku akija na ukweli hana pa kuuweka.

Haraka ilikuwa ya nini? Haraka ilikuwa ya karatasi. Siku zile mtu aliyetoka Unguja akitaka pasi ya hapa, ilibidi wazee wanaojulikana wasimame waseme: huyu twamjua, baba yake fulani, kabila lake fulani. Harith hakuwahi kumuomba Babu. Alisema tu, kwa sauti ya kujionea haya, kwamba hawezi kufanya arusi kubwa bila mama yake, na mama yake yuko Mombasa, na yeye hana pasi ya kumfuatia. Babu akaruka mwenyewe. "Mkwe wangu akose pasi, na mimi niko hai?" Akaenda akasimama akaapa, na akawachukua wenziwe wawili wa barazani nao wakaapa, kwa sababu walikuwa wameshasikia habari za Malindi mpaka wakaamini ni kumbukumbu zao. Nikah ikafungwa nyumbani, siku ya Alhamisi, halua na kahawa, watu wachache. Arusi yenyewe, ya kumtoa Khale kwenda kwa mumewe, ingefuata mama akishaletwa. Baada ya khutba Babu akamkumbatia Harith. Nilikuwa mlangoni na chetezo cha udi. Babu kafumba macho, kidevu begani kwa mkwewe, machozi yanamtoka. Na juu ya bega la Babu nikaiona sura ile. Macho wazi, makavu, yamekwenda moja kwa moja kwenye bahasha ya kaki iliyokuwa juu ya meza, yenye ushahidi uliotiwa muhuri. Nilisimama tu. Ungetaka nifanye nini, nipige kelele mbele ya kadhi kwamba mtu ametazama meza?

Aliondoka baada ya wiki saba kwenda kumchukua mama. Simu moja ilikuja, imejaa mikwaruzo, ati mama mgonjwa. Kisha hakuna. Khale alikuwa akishona. Miezi ikaenda, mito ya chumba chake imekwisha kutarizwa, mapazia yameshonwa, hakuna kilichobaki kushona akaanza kufumua. Sinema hatukutazama tena. Televisheni ikavishwa lesi yake, ikawa meza ya kuwekea dawa za Bibi. Karibu na mwisho wa mwaka akaja mtu kutoka Mombasa, akasema bila kujua anasema mbele ya nani, kwamba Harith tunayemuulizia ana mke na watoto wanne Mombasa kule, mtu wa bara kwao, Unguja alikaa miaka miwili tu akiuza vitambaa, na kwamba siku hizi anafanya kazi Ghuba ya juu na pasi ya Oman. Bibi akashika kichwa. Babu akanyanyuka, akaingia kuoga, akakaa bafuni mpaka maji ya tangi yakaisha.

Sasa nisikilizeni, kwa sababu haya ndiyo yaliyoniua, si Harith. Harith alikuwa mwizi, na mwizi kazi yake kuiba. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Sidab, amefiwa na mke, mtu mpole mwenye miwani, ambaye alipata kumsikia Khale akisoma maulidi kwa watu na akatuma mtu kuuliza kama yule binti yu huru. Yu huru? Hakuna aliyejua la kujibu. Hakuolewa, hakuachwa, ananing'inia. Dawa yake ilikuwa moja na inajulikana: mwanamke aendaye kwa kadhi akasema mume amenitoroka, kadhi anaichana ile ndoa. Khale Nasra akaamka asubuhi moja, akavaa buibui, akavaa viatu, akaniambia, "Nisindikize." Tukafika mlangoni, tukamkuta Babu amekaa kizingitini, chini, yeye mzee mzima, mgongo umeegemea mlango.

"Unakwenda wapi, Nasra?"

"Kwa kadhi, baba."

"Kadhi atauliza mume wako ni nani, mtoto wa nani."

"Nitamwambia ukweli."

"Ukweli ni kwamba mimi nimeapa." Akaukaza mgongo mlangoni. "Nimeapa kwa jina la Mungu kwamba namjua. Na wenzangu wawili wameapa kwa sababu yangu. Ukienda kule, mwanangu, unakwenda kutuvua nguo wazee watatu. Subiri. Pengine atarudi. Pengine ataandika talaka. Subiri kidogo."

Bibi akaja nyuma yetu, analia, "Mtii baba yako, Nasra. Mficha uchi hazai, najua, lakini mfichie baba yako." Nilitaka Khale apite juu yake. Nilimvuta mkono. Nikasema, "Khale, twende!" na Babu akanitazama kwa macho ambayo hakuwahi kunitazama nayo. Khale akamtazama Babu, akanitazama mimi. Kisha akainama akavua viatu, kimoja, cha pili, akavipanga pembeni ya mlango, akarudi ndani. Mwalimu wa Sidab akaoa kwengine kabla ya Ramadhani. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sisi tulilisikia, na guu likavunjika vilevile, ila lilikuwa la mtu mmoja tu, na hakuna aliyelitia banzi.

Babu alikufa Khale ana miaka arobaini na mbili. Nikamwambia, sasa hakuna wa kuvuliwa nguo, twende. Akasema, "Ya nini tena, Zuwena." Akafundisha watoto Kurani, akalea wa wenziwe, akahamia Al Amerat na Rahma. Na mimi nikaolewa, nikazaa, nikafanya kazi wizarani miaka thelathini, na mambo ya mwaka ule hayakutajwa mbele yake, na mimi nikiwa wa kwanza wa kutokuyataja. Tuliyapitisha.

Leo asubuhi nilifika kabla ya wageni. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, tasbihi mkononi, khanga nyeupe nilizomletea. Nikamwambia, Khale, leo sina adabu, nisamehe. Nikamtapikia yote. Nikamwambia kanda zile nilikuwa nadanganya tangu ya kwanza mpaka ya mwisho, kwamba mwanamme wa piano alikuwa anatazama funguo, kwamba siku ya nikah nilimuona Harith juu ya bega la Babu na nikanyamaza. Na nikamwambia naona ni khiyana ya mwisho, kwamba mtu amekula ujana wako, kisha unamkalia eda kama alikuwa mume. "Unamfanyia nini heshima yote hii? Anastahili nini yule?"

Akaniacha nikamaliza. Akaweka tasbihi.

"Mimi sikumkalia yeye," akasema. "Zuwena, tangu yule mtu aondoke, watu waliniambia subiri. Waliniambia nyamaza. Waliniambia mfichie baba yako. Wewe ulinambia twende, twende, kila siku twende, kwa sababu ulikuwa umekasirika. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuja akakaa, akanishika mkono akanambia pole. Jirani akifiwa na kuku anapewa pole. Mimi nani alinipa? Wangenipaje, na wenyewe wanasema hakukutokea kitu?" Akanyoosha miguu yake, inauma siku hizi. "Sasa shekhe kasema kumetokea kitu. Wiki tatu wanakuja. Hata Neema kanipa, na hakujua ananipa ya nini. Wanaingia, wananipa mkono, wananambia pole. Wewe unakuja kila siku, unakaa pale pembeni na hasira zako, unakunywa kahawa, unaondoka. Hujanambia."

Nilifungua mdomo kujitetea. Nina maneno mengi mimi, nimeishi kwa maneno. Nikayaacha. Nikasogea mkekani, magoti yakalia, nikaushika mkono wake usio na hina.

"Pole, Khale."

Nilingoja anijibu kama wote tunavyojibu, kwamba ameshapoa. Akanitazama usoni muda mrefu, macho makavu.

"Bado," akasema. "Sema tena."

Nikasema tena.